Asiyesikia la Mdogo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo kila mtoto wa Kiswahili huisikia kabla hajaota meno ya pili, na hapana ubaya wowote ndani yake. Ubaya huanza pale inapofanywa kuwa methali ya pekee, kana kwamba masikio waliumbiwa wadogo na midomo wakaumbiwa wakuu. Haijapata kusemwa waziwazi mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini. Historia ya Tanzania tangu miaka ya 1960 inalo jibu, na kilichovunjika ni zaidi ya guu la mtu mmoja.

Kila wanafunzi wanapoandamana, hujitokeza watu wenye sauti nzito wakasema mambo matatu. La kwanza, kwamba kazi ya mwanafunzi ni kusoma, na siasa ina wenyewe. La pili, kwamba anayesomeshwa kwa jasho la mkulima hana haki ya kuinua kidole. La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, kwamba umoja wa taifa ni kama yai, na anayepiga kelele karibu na yai hilo ni msaliti. Mambo haya matatu hurudiwa kila zama kwa maneno yale yale, na aghalabu hufungwa kwa neno moja linaloonekana kumaliza ubishi: uzalendo.

Mwenye kutaka kuyapima maneno hayo asiyapimie Dar es Salaam, ambako kila jambo hugeuzwa mara moja kuwa la chama hiki na chama kile. Ayapeleke Korogwe. Barabara kuu itokayo Chalinze kwenda kaskazini hupita Mkata na Kabuku, katika nchi ya Handeni, na hapo Kabuku ipo kambi ya Mgambo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Msafiri akifika Segera, mkono wa kulia ni njia ya Tanga na mkono wa kushoto ni njia ya Korogwe. Huko Korogwe kuna Chuo cha Ualimu, kuna shule ya sekondari ya wasichana, na kuanzia Hale hata Mombo na Mazinde kuna mashamba ya mkonge. Kambi, chuo na shamba: pande tatu za ugomvi huu zimekaa katika njia moja, na msafiri wa basi huzipita zote tatu kabla chai yake haijapoa.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa kambi. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963 kwa vijana waliojitolea. Waliojitolea walikuwa wengi wao watoto wa wakulima, waliomaliza darasa la nne au la saba, na wasomi walijiweka kando. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wanaomaliza masomo ya juu wote watatumikia miaka 2: miezi michache kambini, kisha muda uliobaki katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, 1966, wanafunzi mia kadhaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine walivaa majoho wakaandamana hadi Ikulu. Walisoma risala yenye maneno makali: kwamba masharti yasipobadilika, na tabia ya viongozi kwao isipobadilika, watakwenda kambini kwa miili yao, lakini nyoyo zao zitabaki nje. Bango mojawapo lilidai kwamba ukoloni ulikuwa nafuu.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa hasira ambayo walioishuhudia hawakuisahau. Alikubali kwamba mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine ikapunguzwa. Wanafunzi akawaambia waende makwao. Wanafunzi 393 wakafukuzwa, wakasindikizwa na askari hadi mikoani walikotoka. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka. Siku ile aliwaambia.

Haki itendeke kwa pande zote. Hoja ya Mwalimu ilikuwa na uzito, na uzito wake unaonekana vizuri zaidi Korogwe kuliko Ikulu. Mkata mkonge wa mwaka 1966 alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda kukata majani yenye mwiba nchani, akiyafunga mafungu na kuyahesabu ili atimize kazi yake ya siku. Bei ya mkonge katika soko la dunia ilikuwa imeporomoka tangu mwaka 1964, na vibarua walikuwa wakipunguzwa. Mkonge huo ulikuwa miongoni mwa mazao makuu yaliyoiletea nchi fedha za kigeni, na fedha hizo ndizo zilizojenga madarasa ya Dar es Salaam. Mtu huyo angeambiwa kwamba kijana aliyesomeshwa bure hadi chuo kikuu anaona asilimia 40 ya mshahara wa msomi ni dhuluma, na tena anausifu ukoloni, angefanya nini kama si kucheka kwa uchungu? Wanafunzi wa 1966 walikuwa wachache mno, walibahatika mno, na madai yao yalinuka mfuko. Hakuna haja ya kuwapamba.

Lakini mtu kuwa na hoja dhaifu ni jambo moja, na kufukuzwa kwa sababu ameisema ni jambo jingine. Watetezi wa kufukuzwa kule huyachanganya mambo haya mawili kila siku. Wao husema: walikuwa na ubinafsi, kwa hiyo walistahili. Maana yake, kosa lilikuwa ni maudhui. Lau wangesema la haki, lau wangesema kwa ajili ya mkata mkonge, wangesikilizwa. Hiyo ndiyo nguzo ya hoja yao yote, na nguzo hiyo haikusimama hata miaka 12.

Kwanza ilitikisika upande ambao hakuna aliyetazamia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, wanafunzi wengine wa chuo kile kile walianzisha umoja wa kimapinduzi wa vijana wa Afrika, USARF, na mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida walilolipa jina la Cheche. Hawa hawakuwa watu wa mfuko. Walikuwa wakiliunga mkono Azimio, na wakilalamika kwamba halitekelezwi kwa ukamilifu. Novemba 1970 umoja na jarida vyote vikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba jina Cheche lilifanana na lile la gazeti la Lenin, na kwamba nchi inayo itikadi yake isiyohitaji kuazima ya watu. Basi ikawa mwenye kulipinga jambo la serikali ni msaliti, na mwenye kulipenda kupita serikali yenyewe ni msaliti vilevile. Julai 1971 ikamfika kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya: aliuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi ya kuulaumu, na askari wenye silaha wakamchukua chuoni, akarudishwa kwao kwa ndege.

Kisha ikaja Machi 1978, na nguzo ikaanguka. Bunge lilikuwa limewaongezea wabunge na viongozi mishahara na marupurupu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana kuyapinga marupurupu hayo, wakidai kwamba yanakwenda kinyume na Azimio la Arusha. Yaani walisema kwa midomo yao yale yale ambayo Mwalimu aliwaambia kaka zao mwaka 1966: kwamba wakubwa wanajilipa mno katika nchi ya maskini. Somo walikuwa wamelielewa, na waliurudisha mtihani ukiwa na majibu sahihi. Polisi waliwapiga, wakawapakia magarini, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa. Jumuiya yao, DUSO, ikavunjwa.

Msomaji aziweke tarehe mbili hizi bega kwa bega. Mwaka 1966 waliutetea mfuko wao, wakafukuzwa. Mwaka 1978 waliipinga mifuko ya wakubwa, wakafukuzwa. Maudhui yalikuwa yamegeuka juu chini, na adhabu ikabaki ile ile. Ni dhahiri basi kwamba maudhui hayakuwa ndiyo kosa. Kosa lilikuwa ni kusema bila kuambiwa useme. Na pale ambapo kusema bila ruhusa ndilo kosa, neno uzalendo huwa limebadilishiwa maana kimyakimya: halimaanishi tena kuipenda nchi, linamaanisha kusubiri zamu ambayo haitatangazwa.

Kuna ushahidi wa pili, nao umo pale Kabuku katika kambi ya Mgambo. Mwaka 1966 kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kulifanywa kuwa kipimo cha utaifa, na waliobishana na masharti yake walionekana wamelitukana taifa lenyewe. Mwaka 1994 serikali yenyewe iliusimamisha mpango huo kwa wahitimu, kwa kuwa fedha za kuwalisha na kuwavisha hazikupatikana. Kwa karibu miaka 20 wahitimu wa kidato cha sita walikwenda vyuoni bila kuona kambi, mpaka mpango uliporejeshwa mwaka 2013. Ikiwa kupinga masharti ya kambi kulikuwa ni usaliti, kuusimamisha mpango mzima kuliitwaje? Hakukuitwa chochote. Palipokosekana fedha, jambo takatifu likawa jambo la bajeti, na hakuna waziri aliyesindikizwa na askari hadi kijijini kwao.

Na wale waliofukuzwa? Wengi wa 1966 walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Mmoja wao alikuwa Samuel Sitta. Alikuja kuwa waziri, akawa Spika wa Bunge tangu 2005 hadi 2010, na mwaka 2014 akaliongoza Bunge Maalumu la Katiba. Nchi ilimkabidhi kiti cha kuongoza maneno ya taifa zima mtu ambaye iliwahi kumfukuza kwa ajili ya maneno. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni dalili ya msamaha mkubwa. Ni dalili pia kwamba usaliti wenyewe haukuwapo tangu mwanzo, kwani usaliti wa kweli hautibiwi kwa muhula mmoja wa kukaa kijijini.

Hasara kubwa zaidi waliipata waliobaki. Kila mwalimu aliyepita Korogwe au chuo kingine katika miaka ile alikuwa ameona au amesikia kilichowapata wenye midomo, akaenda nacho darasani. Akafundisha, hata bila kukusudia, kwamba jibu zuri ni lile analolitaka mkubwa. Vizazi vikakua katika utii, na utii ukapewa cheo cha uaminifu. Matunda yake yalivunwa Februari 1991, pale Halmashauri Kuu ya chama tawala ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Tangu hapo kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1995 Mwalimu mwenyewe alisimama hadharani kuuliza Azimio lilikuwa na kosa gani. Lilikuwa swali zuri. Ila waliokuwa wamelizika Azimio hawakuwa wanafunzi wa Cheche, wala wa 1978. Hao walikuwa wamekwisha kunyamazishwa. Waliolizika ni watiifu, wale waliopiga makofi siku lilipozaliwa na wakapiga makofi siku lilipokufa.

Hapo ndipo tofauti ya maneno mawili inapodhihirika. Mtiifu humtazama mkubwa usoni ili ajue la kusema. Mwaminifu huitazama nchi, na wakati mwingine huona jambo ambalo mkubwa hakulipenda lionekane. Mtiifu ni rahisi kumpata na ni rahisi kumpoteza, maana huhamia kwa mkubwa ajaye siku ile ile ya kuapishwa.

Tofauti hii haikuletwa na meli kutoka Ulaya, kama wapinzani wa uhuru wa kusema wapendavyo kudai. Iko katika milima inayoitazama Korogwe. Wasambaa wanayo maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kinachopimwa ni nchi: je, mvua imenyesha, je, watu wameshiba, je, mtu anaweza kutembea bila hofu? Mtawala aliyeiponya nchi alipewa kodi na heshima. Aliyeiharibu hakuweza kujificha nyuma ya cheo. Abdallah bin Hemedi, aliyewajua Wakilindi kwa karibu, aliandika kwa Kiswahili safi kitabu kizima cha habari zao, na humo msomaji anaona jinsi nasaba hiyo ilivyopewa utawala na watu, na jinsi Wabondei walivyoukataa utawala huo ulipowageukia. Yeye hakuwaita Wabondei wahaini. Aliandika waliyoyatenda na sababu zake, akamwachia msomaji kuamua. Mwandishi wa karne ya 19 aliweza jambo hilo.

Mazinde, mahali ambapo Mkilindi Semboja aliweka makao yake, ndipo palipotokea pia mgomo mkubwa wa wakata mkonge wa mwaka 1958. Wenye mashamba wa zama zile walikuwa na maelezo yao ya kila mgomo: mfanyakazi wetu ni mtu mwema, amechochewa tu. Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maafisa wa serikali katika jarida la Sauti ya TANU. Alitiwa hatiani, akatozwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi 6, akalipa faini. Taifa hili lilizaliwa na watu walioambiwa kwamba wanachochea. Linapowaambia watoto wake neno hilo hilo, linaazima kauli ya aliyelihukumu.

Wapenzi wa ushairi wana sababu zaidi ya kulijali jambo hili, kwa kuwa limepita ndani ya nyumba yao. Katika pwani, jibu la shairi ni shairi. Mombasa na Lamu zilipokuwa katika vita mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka wa Haji alizungumza kutoka upande wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi akamjibu kutoka Lamu, na damu ilikuwa imemwagika Shela. Hata adui alistahili kujibiwa kwa mizani na vina. Pemba nayo ilikuwa na Kamange na Sarahani, wakipigana kwa beti hadi wasikilizaji wakagawanyika, na hakuna aliyefikiri kwamba kisiwa kitazama kwa sababu hiyo. Malumbano yana sheria kali kuliko polisi: anayeshindwa kujibu katika bahari aliyotupiwa ameshindwa, na akivunja utungo wa mwenzake kwa mikono badala ya kuujibu, ameshindwa mara mbili.

Baada ya Azimio la Arusha washairi waliitwa kulieneza, nao wakaitika kwa moyo. Mathias Mnyampala aliwaachia ngonjera, utungo wa kusemezana jukwaani, na shule zote, Korogwe ikiwamo, zikazighani. Ngonjera zilifanya kazi kubwa ya kueneza lugha, na si haki kuzidharau. Lakini zitazamwe ujenzi wake. Mmoja husimama akiwa mjinga, mwingine akiwa mwenye kujua. Mjinga huuliza, mjuzi hueleza, na mwishoni mjinga hushukuru. Mshindi amekwisha kuchaguliwa kabla pazia halijafunguliwa. Huo ni utungo mzuri wa kufundishia kilimo cha mistari. Ukifanywa kuwa namna ya kuendesha nchi, wananchi wote huwa wamepewa nafasi ya mjinga, na kosa la wanafunzi wa 1966, wa 1970 na wa 1978 lilikuwa moja tu: walikataa kusema mstari wa mwisho, ule wa kushukuru.

Na ng'ambo ya mpaka Kenya ilifanya yake. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika mwaka 1968 waraka wa kuuliza nchi yake inakwenda wapi. Alihukumiwa kwa uchochezi, akafungwa tangu 1969 hadi 1972, na kutoka kifungoni akaja na Sauti ya Dhiki, diwani ambayo mwaka 1974 ilipata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Swali lake lilikuwa swali la raia anayeijali safari. Abiria asiyejali huenda asinzie tu.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo hazifai kupuuzwa. Husemwa kwamba nchi ina maadui, na kwamba vijana hutumiwa na watu wasiowajua. Huenda. Lakini dawa ya kijana anayetumiwa ni hoja iliyo bora kuliko ya anayemtumia, na hoja haiwezi kupelekwa na kirungu. Husemwa pia kwamba wanafunzi huchoma mali na kuwarushia watu mawe. Wanapofanya hivyo sheria ya jinai ipo, na mchoma mali ashtakiwe kwa kuchoma mali. Asishtakiwe kwa kutoipenda nchi, kwani hicho si kitendo kinachoweza kuthibitishwa mahakamani, na wala waliosoma risala ya 1966 hawakuchoma hata karatasi waliyoisomea. Na husemwa kwamba mkulima ndiye anayemlipia mwanafunzi, hivyo anyamaze. Hoja hiyo yafaa igeuzwe. Mkata mkonge wa Korogwe hakumpeleka mtoto chuoni ili aje kimya. Alimpeleka apate maneno ambayo yeye hakuyapata, aweze kuuliza kwa nini bei imeanguka, nani ameuza shamba, na zahanati iko wapi. Mwanafunzi anayenyamaza ndiye anayekula jasho lile bure.

Mambo haya si ya makumbusho. Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kuupinga Muswada wa Fedha. Juni 25 waliingia katika Bunge, watu wakapigwa risasi, na siku ya pili yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Lililowezekana baada ya maiti lilikuwa linawezekana kabla yake. Tanzania ikafuata kwa njia yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia mabarabarani katika miji kadhaa. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa, na mamia ya waliokamatwa wakashtakiwa kwa uhaini. Novemba 14 Rais Samia Suluhu Hassan alilihutubia Bunge, akatoa pole, akatangaza tume ya uchunguzi, na akavitaka vyombo vya sheria viwaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo.

Huruma ni njema, na mzazi aliyerudishiwa mwanawe haulizi amerudishwa kwa neno gani. Hata hivyo neno mkumbo lina historia, na historia yake imekwisha kuelezwa hapa. Ni ndugu wa lile neno la wenye mashamba wa mkonge: mtu wetu ni mwema, amechochewa tu. Kumsamehe mtu kwa sababu hakuwa na akili yake ni kumpa uhuru wa mwili na kumnyima uhuru wa neno. Wapo kweli waliofuata mkumbo. Wapo pia waliokuwa na jambo la kusema kuhusu uchaguzi, ajira na haki, na jambo hilo bado halijajibiwa kwa vina vyake.

Yanayotakiwa si makubwa, na yote yako ndani ya uwezo wa nchi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Haikuweka sharti la umri wala la kumaliza masomo. Jumuiya za wanafunzi zichague viongozi wao bila orodha kupitia kwanza mezani kwa mkuu wa chuo. Risala ya wanafunzi ijibiwe kwa risala, kwa maandishi, aya kwa aya, na jibu libandikwe pale pale ilipobandikwa. Neno uhaini lirudishwe katika maana yake ya sheria, lisitumiwe kwa kijana aliyebeba bango. Na kwa kuwa wahitimu wa kidato cha sita bado wanapelekwa Mgambo na kambi nyingine kila mwaka kufundishwa uzalendo, somo la Oktoba 22, 1966 lifundishwe humo pamoja na gwaride, risala ya wanafunzi na jibu la Mwalimu vikisomwa vyote viwili kwa ukamilifu, ili kila kijana aamue mwenyewe nani alikosea na wapi.

Kuna watakaoogopa kwamba kijana akisomewa yote mawili ataikosa nidhamu. Na awaulize wazee wa Korogwe waliowapokea watoto wao mwaka 1966 au 1978, wakishushwa na askari, sanduku mkononi. Wazee wale hawakuwa wamesoma katiba. Walimpa mtoto maji ya kunywa, wakampa mahali pa kukaa, kisha wakamwuliza: ulisema nini? Serikali ilikuwa haijauliza swali hilo.